Siku Tumbili Sikomi Aliponyamaza

Wateja wa Abdilatif, mwenye bucha ya tatu ukitoka soko la Gakoromone mjini Meru, wana tabia moja mbaya ambayo wenyewe wanaiona ni wema. Wanammalizia maneno. Abdilatif ana kigugumizi tangu utotoni, na herufi inayomtesa kuliko zote ni K. Akianza tu "k-k-ki..." mteja anarukia: "Kilo moja! Ndiyo, nipimie kilo moja." Siku moja mama mmoja muuza ndizi aliingia hoi kwa uchovu, akavuta kiti kilichokuwa pembeni. Abdilatif akanyoosha mkono kuelekea pale, akajitahidi: "K-k-k..." Yule mama akasema, "Kidari, baba, leo nipe kidari," akakaa. Kumbe Abdilatif alitaka kumwambia kiti kimevunjika mguu. Mama wa watu alianguka chali, ndizi zikatawanyika sakafuni, na mpaka leo anaapa kwamba hakuonywa.

Lakini kigugumizi hicho nacho kina ubaguzi wake. Abdilatif akisoma Qur'ani hakwami. Akiimba hakwami. Na akijifanya mtu mwingine, au hata mnyama, maneno humtoka yakiteleza. Tangu ujana alikuwa na mchezo wa kuwasemea mbuzi waliotundikwa kwenye kulabu, akiwa peke yake na kigogo chake cha kukatia nyama. Beberu mzee analalamika amewekwa mbali na dirisha, kondoo kijana anamjibu kwa ufidhuli, na jike mmoja anawaamua. Kinywa ni jumba la maneno, wahenga walisema, na jumba la Abdilatif lilikuwa na wapangaji wengi. Aliyekosa chumba ni mwenye nyumba tu.

Mchezo huo ndio ulionaswa na Gachoki. Gachoki ni mtu wa Embu, na pale Makutano amekodi chumba juu ya duka la misumari na mabati ambapo yeye na wenzake hutengeneza katuni za Kiswahili. Asubuhi moja alikuja kununua maini, akasimama nje akisubiri ugomvi wa watu watatu waliokuwa ndani uishe. Alipoingia akamkuta mtu mmoja na kisu.

"Wale wengine wako wapi?" aliuliza.

Abdilatif aliona haya mpaka akashindwa kujibu, na kwa mara moja haikuwa kosa la ulimi.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Sikomi. Sikomi ni tumbili mzee, mtundu, anayeishi kwenye msitu wa mlima na ambaye hafi. Kila Bwana Mauti akipanda kumchukua na kumuuliza jina, Sikomi humpa jina la uongo. Leo ni Profesa Mkia, kesho ni Mama Maharagwe. Mauti hushuka mlima akimtafuta kiumbe ambaye hajawahi kuzaliwa, na akifika bondeni ndipo anapotambua kwamba pia ameibiwa viatu. Mwaka wa nne huu watoto kutoka Maua mpaka Runyenjes wanakicheka kicheko cha Sikomi kila Jumamosi asubuhi, na walio wengi hawajui kwamba kinatoka kwenye kifua cha muuza nyama. Kila Jumanne baada ya adhuhuri Abdilatif anavua aproni, anamwachia bucha mkewe Safiya, na anakwenda kusema kwa saa mbili bila kukwama hata mara moja. Anarudi amechangamka kama mtu aliyetoka kuoga.

Sheikh Hassan, imamu wa msikiti wao, hakuacha kumtania. Wajukuu zake walikuwa wamekubuhu kwa katuni hiyo.

"Abdilatif, hivi huyo mnyama wako atakufa lini? Viumbe wote wanakufa bwana."

"Mu-muulize M-mauti," Abdilatif alijibu. "Mi-mimi ni mbuzi tu ninaowajua."

Basi mtu huyo alikuwa na binti mmoja, Kibibi. Kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi za huku, binti wa kwanza alichukua jina la mama wa babake, na baba mtu akawa anamwita "Mama". Wengine hufanya hivyo kwa heshima. Abdilatif alifanya kwa heshima, na pia kwa kujificha, maana jina lenyewe lilianza na ile herufi yake. Miaka ishirini na minne, tangu mtoto akiwa wa kubebwa mpaka akawa karani wa ofisi mwenye viatu vya kisigino, hakuwahi kumwita kwa jina lake. Ilikuwa "Mama njoo," "Mama umekula?" Alijua ni deni, na lilimuuma.

Lilimuuma zaidi kwa sababu ya yule Kibibi wa kwanza. Mamake Abdilatif ndiye mtu pekee duniani ambaye hakuwahi kummalizia neno. Kitoto kikirudi kutoka madrasa kimejaa habari na ulimi umefunga breki, mama alimimina chai, akaiweka mbele yake, akakunja mikono. "Sema, mwanangu, chai bado ya moto." Na chai ilikuwa ikipoa pale pale, utando ukifunga juu, naye hasogei mpaka neno la mwisho litoke. Abdilatif alimsimulia bintiye habari hiyo mara nyingi, akikwama kila mara, na bintiye akingoja kila mara.

Mwaka huu Kibibi alipata mchumba. Jina lake Yasser, kijana wa duka la vipuri vya pikipiki, mwenye mikono ambayo sabuni imeshindwa nayo. Familia zikakubaliana, siku ikapangwa, na Sheikh Hassan akapita buchani kupanga mambo ya nikahi.

"Kwa hiyo siku hiyo utaniweka mimi wakili niozeshe kwa niaba yako," alisema, kwa upole wa mtu anayekuondolea mzigo. "Si jambo geni. Hata wenye... hata wengine hufanya hivyo."

Abdilatif akatikisa kichwa. Akachukua karatasi ya kufungia nyama na kalamu, akaandika: Nitamwozesha mwenyewe. Safiya aliyekuwa anaosha mizani aliisoma karatasi ile mara tatu, kisha akamtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao akakosa neno la kummalizia.

Jambo lenyewe ukilisikia ni dogo. Baba anashikana mkono na bwana harusi mbele ya watu, anasema, "Nimekuozesha binti yangu fulani kwa mahari tuliyokubaliana," na bwana harusi anajibu papo hapo kwamba amekubali. Sentensi moja. Lakini ile "fulani" lazima itajwe, na "Mama" haitoshi. Yasser hakuja kumuoa mama mkwe wa Safiya, Mungu amrehemu.

Akaanza mazoezi. Kila alfajiri, kabla ya kufungua mlango, alisimama mbele ya kigogo na kujaribu, na kila alfajiri jina lilikwama mahali pale pale. Wiki mbili zikaisha. Ndipo Jumanne moja studio, baada ya kurekodi, likamjia wazo ambalo mtu mwenye ulimi mzima asingelifikiria. Akalisema lile jina kwa sauti ya Sikomi. Likapita! Akaipunguza ile sauti, akaiondolea kicheko, akaitia uzito kidogo. Likapita tena.

Gachoki aliruka kutoka kwenye kiti. "Hapo hapo, mzee! Shusha kidogo tu... eeh! Hakuna mtu atajua. Watadhania umepona. Si nilikwambia huyu tumbili atatusaidia?"

Abdilatif alirudi nyumbani akitembea kifua mbele.

Alhamisi Kibibi alipita buchani na chakula cha mchana. Hakukuwa na mteja. Nyuma ya pazia akasikia mtu akisema, vizuri, polepole, "Nimekuozesha binti yangu Kibibi kwa mahari tuliyokubaliana." Aliweka chombo cha chakula juu ya meza. Alikuwa amelingoja jina lake kutoka kwa baba yake tangu ajue kwamba watoto wengine huitwa majina yao. Lilikuwa limetamkwa hivi sasa, zima, halina ufa. Naye akahisi baridi.

"Baba," alisema. "Huyo ni Sikomi."

Pazia likasogea. Abdilatif akatoka akijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Nimemjua hata umemshusha sauti. Mimi nampenda Sikomi, Baba, wewe wajua. Lakini si yeye aliyenibeba mgongoni kwenda nasari. Nilipolazwa si yeye aliyelala sakafuni chini ya kitanda changu. Sitaki kuozwa naye."

"Wa-watu wa-watacheka."

"Wacheke."

"Ni-nikishindwa?"

"Tutakaa hapo hapo msikitini mpaka alasiri. Ikibidi, mpaka magharibi. Bibi alikuwa akikungoja, mimi ni nani nisikungoje?"

Akaenda zake kazini. Sitakudanganya kwamba Abdilatif alibaki akitabasamu. Alikasirika. Alipasua mifupa ya supu kwa nguvu ambayo mifupa haikustahili, akiwaza kwamba ni rahisi mtu kuwa jasiri kwa ulimi wa mwenzake. Aibu yenyewe itakuwa ya nani? Yeye Kibibi atakuwa juu, upande wa wanawake, amefunikwa mtandio. Anayekodolewa macho ni nani? Mpaka jioni alikuwa ameamua kwamba Sikomi ndiye atakayeozesha, na kwamba hakuna haja ya kumwambia mtu.

Ijumaa aliamua kinyume. Jumamosi asubuhi, akivaa kanzu, alikuwa hajaamua.

Nikahi ilikuwa baada ya adhuhuri. Msikiti ulijaa: wauza nyama wenzake, wenye maduka, ukoo wa Yasser, na Gachoki aliyevua viatu mlangoni na kukaa nyuma kabisa kwa adabu ya mgeni. Wanawake walikuwa juu, na kipaza sauti kiliwafikishia kila kitu. Sheikh Hassan alihutubu kwa ufupi, kisha akainama sikioni mwa Abdilatif. "Nafasi bado ipo," alinong'ona. Abdilatif akatikisa kichwa, akashika mkono wa Yasser.

"Ni-nimekuozesha," alisema, "bi-binti yangu..."

Na pale akafika.

"K-k-k..."

Kipaza sauti kiliipeleka ile K kila pembe ya jengo. "K-k-k..." Mzee mmoja wa safu ya mbele, mtu mwema asiye na ubaya na mtu, hakuweza kuvumilia. "Kibibi!" akasaidia. Wengine wawili wakadakia, "Kibibi, Kibibi."

Sheikh Hassan akainua kidole. "Tulieni. Si ninyi mnaoozesha. Hapa hatupimi kilo moja ya nyama."

Watu wakatulia. Abdilatif akavuta pumzi, akaanza upya, akafika pale pale, na sasa Sikomi akaja. Alimsikia kooni, amekaa tayari, mwepesi, hana wasiwasi wowote. Miaka minne wamekuwa pamoja, hajawahi kumwangusha. Kufungua mdomo tu, sekunde moja, mambo yamekwisha, na Abdilatif anakwenda nyumbani na heshima yake. Kule juu hakuna aliyekohoa. Mmoja wao, alijua, alikuwa amekunja mikono.

Akammeza Sikomi. Jasho lilimtoka mpaka likaingia kwenye ndevu. Aliinamisha macho akautazama mkono wa Yasser ndani ya wake, weusi wa grisi kwenye mistari ya kiganja. Mkono ule haukujivuta. Haukumminya kumharakisha pia. Ulikaa tu. Na wakati huo huo, sijui kwa nini, Abdilatif aliona kwamba kijana huyu atamfaa binti yake.

"K-k-k... ki... k-k..."

Saa ya ukutani ilisonga. Mtu akaanza kusoma dua chini chini. Abdilatif hakuharakisha tena. Alilisukuma neno pole pole, kwa sauti yake mwenyewe, ile nzito yenye mikwaruzo ambayo wateja hawajawahi kuipa nafasi.

"Ki... Kibibi," alisema. "Kwa mahari tuliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa," Yasser akajibu papo hapo.

Vigelegele vilishuka kutoka juu, na cha kwanza kilikuwa cha Safiya. Kila mwanamume aliyekaa pale alikitambua. Gachoki kule nyuma alikuwa anafuta macho kwa soksi yake, kwa kuwa leso aliiacha kwenye gari.

Baadaye, nyumbani, Abdilatif alipelekwa kwenye chumba alichokuwamo bibi harusi ili ampe baraka zake. Kibibi alikuwa ameketi kwenye mkeka, hina mpaka viwikoni, na karibu yake shangazi mmoja alikuwa amemwekea kikombe cha chai tangu walipotoka msikitini. Abdilatif akapiga magoti mbele yake.

"Mama," alianza, kwa mazoea.

Kibibi akatikisa kichwa. "Lile lingine, Baba."

Chumba kizima kilifungua mdomo kumsaidia. Safiya akawatazama jicho moja, wakaufunga.

"K-k-k..." alisema Abdilatif. "K-k..."

Kibibi alikunja mikono yake yenye hina juu ya mapaja, akatulia, kama mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda siku hiyo, wala bwana harusi anayemsubiri nje.

"Sema, Baba," alimwambia. "Chai bado ya moto."

Chai ilikuwa imepoa zamani.