Kijiti Ukingoni mwa Lhubiriha

Siku ya kwanza kumwona Anastasie, alikuwa amesimama kwa mguu mmoja mbele ya sanduku langu la kushonea viatu, hapa Bwera, kwenye kivuko cha mto Lhubiriha. Ilikuwa Ijumaa ya soko, mwaka 2014. Mkanda wa sandali yake ulikuwa umekatika. Nilimwambia arudi saa tano. Akatazama saa ya mkononi: saa tatu. Kwetu ilikuwa saa nne.

"Imechelewa," nikasema.

"Haichelewe, papa. Hii iko saa ya Beni. Kesho narudia kwetu, nitaigeuza ya kazi gani?"

Alikuwa amekimbia vita kwao Beni, ng'ambo ya mto, Kongo, ambako saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Karibu miaka miwili ikapita, saa haikugeuzwa. Mizigo yake ilibaki imefungwa. Mwenye nyumba alimpa kipande cha shamba. Majirani walipanda kahawa, yeye maharage tu. Siku za soko alivuka kuleta mawese kutoka Kasindi, akipita majini ili kukwepa ushuru wa darajani.

Sisi wa hapa, mawingu yakikaa mlimani, hatuvuki ovyo. Mtu huchomeka kijiti pale maji yanapoishia, akaenda kunywa chai. Akirudi akakuta kijiti kimezama, anakwenda zake nyumbani. Mvua ya mlimani haipigi hodi. Huku jua linawaka, kule mto umeshaanza safari.

Anastasie alicheka. "Batu ya hapa munapandaga vijiti mu maji! Vitazaa nini?"

"Vinazaa wazee, mama," Jolly, muuza chai, akamjibu. "Wasiopanda hawazeeki."

Nilitaka kumfundisha rangi za maji, na ile harufu ya udongo inayotangulia. Lakini mimi si msemaji. Mara nyingi nilifungua mdomo, nikaishia kuuliza habari za kiatu. Siku moja tu nilithubutu, akasema mto atakaouacha kesho hana haja ya kuujua.

Jumanne moja ya Mei 2016 akaleta sandali zile zile. Mlima wote ulikuwa umefunikwa. Maji yalikuwa ya magoti tu, lakini yalibeba majani mabichi. Nikachomeka kijiti mwenyewe. Kabla sijamaliza mkanda mmoja, nusu yake ilikuwa imezama.

"Dada, ngoja," nikasema. Sauti yangu ilinishtua.

Akatazama saa yake. Lori la mawese lilikuwa liondoke Kasindi saa kumi ya kule.

"Ingali robo saa. Lori haitangojea kijiti yako."

"Nikuonyeshe tu. Majani haya..."

Aliniachia sandali, sindano yangu ikiwa bado imo. Zimo sandukuni mpaka leo. Akakunja kitenge, akaweka dumu tupu kichwani, akaingia pekupeku. Maji yalipofika mapajani, aligeuka akicheka.

"Kesho, papa Kosmasi! Kesho utanifundisha."