Mkate wa Kubanika na Tunda la Wadachi

Harufu ya mkate unaoungua kingoni ndiyo iliyokuwa ikiniamsha asubuhi. Tulikaa Kwamndolwa, karibu na shamba la mkonge la Mdachi mmoja, na mama yangu alikuwa mpishi wake. Mkate uliolala alipewa yeye, na nyuma ya jiko la Mdachi palikuwa na mti ulioletwa kutoka misheni ya milimani Usambara, wenye matunda ya kijani yenye mafuta. Siku hizi tunayaita maparachichi. Wakati ule tulisema tunda la Wadachi, na majirani wengi hawakuthubutu kulionja. Mama alibanika vipande vya mkate juu ya makaa, akalipasua tunda, akaliponda kwa mwiko pamoja na chumvi na ndimu, akapaka. Kwa jirani maji ya uji yalikuwa hayajachemka, sisi tumekwisha kula.

Vita ya Wadachi na Waingereza ilipokuja, baba alichukuliwa kuwa mpagazi. Askari wawili walifika alfajiri, wakakataa kuketi. Mama akawaomba wamwache ale kwanza.

"Haraka basi," mmoja akasema.

Baba alikula wima mlangoni. Kipande cha pili alikifunga kwenye pindo la shuka yake, akaniambia, "Zuhura, umsaidie mama yako kuchota maji." Sikulia, wala mama hakulia. Walipotokomea kwenye mkonge, nilichukua mtungi nikaenda mtoni.

Tulisikia tu kwamba wapagazi wamepelekwa upande wa Moshi. Matunda yalikuwa yameanza kudondoka yenyewe asubuhi aliporudi Shabani, jirani yetu aliyechukuliwa siku moja na baba. Alishuka kwenye treni Korogwe akaja moja kwa moja kwetu, anachechemea, mguu umefungwa matambara. Mama alikuwa penye makaa, anabanika mkate.

"Mama Zuhura," alisema, "mumeo Salimu hatunaye. Alishikwa na tumbo la kuhara damu. Tulimzika wenyewe, tukamsomea."

Mama aligeuza mkate usiungue. "Alipata sanda?"

"Shuka yake."

Akaendelea kuponda. Alipomaliza kupaka alimpa Shabani kwa mikono miwili. "Kula, umetoka mbali." Shabani alikula huku machozi yakimtiririka. Nilimtazama nikistaajabu kwamba mtu anaweza kulia na kutafuna kwa pamoja. Kisha mama akanipa changu, nikala chote.

Eda ilipokwisha tulihamia Chanika, Handeni, kwa kaka zake mama, tukala ugali na mchicha kama watu wote. Mama hakuolewa tena, na habari alizoleta Shabani hakuzitaja hata siku moja.

Sasa naishi Korogwe kwa mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi. Maparachichi yamejaa sokoni, na yeye hunitengenezea na mkate kila asubuhi kwa sababu, anasema, ni chakula chepesi, kizuri kwa moyo. Watoto wa siku hizi wakifiwa hulia kwa sauti, wakashikwa mabega, wakaulizwa wanajisikiaje. Sisi tulikwenda mtoni. Juzi, nikiwa nakula, nilimsimulia mjukuu haya, akaniuliza nilijisikiaje siku ile ya Shabani. Nikamwambia sikujisikia kitu.

"Na sasa je, bibi?"

Nilitafuna kwanza, nikameza. Nikamwambia aniongezee chumvi.