Papai la Jalalani

Asubuhi ile naikumbuka yote, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya. Kwanza najikasirikia mwenyewe, halafu nakukasirikia wewe. Kaa hapo, simu weka pembeni, utaikuta.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Mimi na babu yako Salumu tulihamishiwa upande huu wa Soga, tukagawiwa kiwanja, tukajenga nyumba ya udongo. Salumu alikuwa fundi wa reli, akienda kutengeneza njia hurudi baada ya wiki, pengine mbili. Nilibaki na mtoto wetu wa kwanza, Zena, mama yako huyuhuyu unayemwona anabeba ndoo mbili za maji bila kutua. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, na nilikuwa nimeshamwachisha ziwa.

Sasa sikia ujinga wangu. Nyuma ya nyumba tulikuwa na jalala la takataka, na pale jalalani mapapai yalijiotea, mchicha ukajiotea, mmea wa maboga ukatambaa mpaka kwenye ua wa jirani. Mimi sikugusa kitu. Nilijiona mke wa mtu wa reli, nile mchicha wa jalalani wapita njia wanitazame? Zena nilimpa uji mweupe wa muhogo, na Salumu akirudi na mkate wa dukani, nilimchovyea kwenye chai ya rangi. Nilijua namlea kisasa. Mapapai yaliwiva, ndege wakayatoboa, yakaanguka, nikayafagia.

Mtoto akaanza kubadilika. Miguu ikavimba, mashavu yakajaa, nywele zikawa nyepesi na rangi ya kutu. Hachezi, halii kwa nguvu, anakaa tu pale nilipomweka. Enzi zetu mtoto akiwa hivyo watu hawakuuliza amekula nini. Walisema amebemendwa, maana yake mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa na uchafu wake umempata mtoto. Mimi nilijijua sijatoka. Basi nikamgeukia Salumu, yeye anayelala huko njiani wiki mbili. Aliporudi nilimtukana kwa maneno ambayo mpaka leo nayaonea haya, na yule mtu wa watu akaapa mpaka machozi yakamtoka. Sikumsikia. Zena nikamficha chumbani. Siku ya kupima watoto uzito kule zahanati sikwenda, nikasema nina homa, kumbe nilichelea midomo ya wanawake wenzangu. Mtoto anakwisha, mimi natunza jina langu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyetuokoa. Alikuwa Kisarawe, hakuna aliyemwita, alihisi tu. Akapanda mabasi mawili, akatembea kutoka barabarani, akaingia uani jua halijapanda sana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Nikasema amelala. Akavua kanga ya kichwani, akaingia chumbani, akatoka naye mikononi. Akamkalisha kwenye mkeka, akabonyeza mguu wake kwa dole gumba. Ule mguu ukabaki na shimo, mwanangu, kama unga uliokandwa. Akalitazama lile shimo, akanitazama mimi. Nikaanza kulia, nikamwambia mwanao huyo, mwanao ndiye kaniharibia mtoto huko anakolala.

"Nyamaza," akasema. "Mwanangu usimsingizie. Mtoto huyu ana njaa."

"Mama, anakula kila siku. Anashiba."

"Anashiba nini?"

Nikamtajia uji, chai, mkate. Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, nami nyuma yake. Akasimama mbele ya jalala. Papai moja lilikuwa juu, jekundu, ndege wawili wamekaa juu yake wanakula.

"Ndege wa hapa wamenona kuliko mjukuu wangu," akasema. "Na wewe umesimama unawatazama."

Hakupandisha sauti. Angenipiga ningeona nafuu.

Hatukunywa hata maji. Alimbeba Zena yeye mwenyewe mpaka zahanati. Muuguzi akasema vilevile, huyu kakosa chakula cha kumjenga, na mngechelewa kidogo mngemzika. Akampa dawa na maziwa, akatuagiza tumrudishe kila wiki, na nyumbani tumpe kunde, karanga, dagaa, mboga za majani na matunda. Mama mkwe akanigeukia mbele ya wale wanawake niliokuwa nawakimbia, akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

Akakaa nasi miezi mitatu. Mbegu za maboga yale ya jalalani alizianika, akazikaanga, tukazitwanga mpaka zikawa unga laini. Papai bivu alilimenya, akaliponda kwa mwiko, akamimina tui zito, akakoroga na ule unga wa mbegu. Mwanangu, hakukuwa na umeme, hakukuwa na blenda, ni mwiko na mkono wa mtu. Zena alikunywa vijiko viwili siku ya kwanza. Wiki ya tatu alikuwa akikishika kikombe mwenyewe na kukigombea. Siku aliyonirushia kijiko kwa hasira nilikaa chini nikalia, maana nilijua mtoto amerudi. Salumu nilimwomba radhi mbele ya mama yake. Alinisamehe.

Sasa wewe. Juzi nilikuja kwako Kibaha, mwanao kashika juisi ya boksi mkono mmoja na biskuti mkono mwingine, meno yameshaanza kuoza. Blenda unayo, imekaa kabatini na nailoni yake. Ile siku uliyoitoa ulisaga unga wa rangi na sukari, ukaita juisi. Na nyuma ya uzio wako kuna papai. Nilipokuuliza ukacheka, ukasema, "Bibi, hilo limejiotea tu." Maneno yangu yaleyale. Nilitamani nikuzabe kibao, nikakumbuka kwamba hata mimi sikupigwa.

Basi sikia. Kinachojiotea uani kwako kioshe vizuri, ukile, uwalishe na watoto. Mchicha usiuchemshe ukamwaga maji yake. Mbegu za boga usizitupe. Blenda hiyo itie papai, ndizi, karanga zilizokaangwa na kijiko cha ufuta, sukari iache dukani. Na mtoto akidhoofu, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usiulize watu watasema nini, na usimsingizie mumeo. Mimi niliwaogopa watu, na ilibaki kidogo tu wewe usizaliwe.

Mungu akupe watoto wenye nguvu za kukurushia vijiko. Akupe na mama mkwe mwenye ulimi kama wa yule wangu. Haya, inuka, chukua mti mrefu wa kuangulia, papai moja pale nyuma limeshawiva na ndege wameshaliona.