Jumamosi Sikuitwa Kuchinja

Kwa miaka minne hapa Nambis, milimani Mbulu, mialiko yangu yote ilianza na maneno yaleyale: "Daktari, kesho uje mapema." Mimi si daktari, ni tabibu wa zahanati, lakini huku mwenye koti jeupe ni daktari na ubishi hausaidii. Kuja mapema maana yake ni kuchinja. Majirani zangu wote ni Wakristo, wakulima wa mahindi na vitunguu saumu. Mimi ni Mwislamu kutoka Nachingwea, niliyeletwa na barua ya ajira kwenye baridi ambayo kwetu hakuna anayeniamini nikiisimulia. Kukiwa na kipaimara, mavuno, au wikiendi tu ya marafiki kukaa pamoja, nafika saa mbili asubuhi, tunamlaza mbuzi kuelekea kibla, nasema bismillahi, kazi inaisha, nanawa mikono. Niliamini wanafanya hivyo kwa ajili ya wageni Waislamu watakaotoka Mbulu mjini. Mara nyingi wageni hao hawakuja.

Baada ya hapo siku ilikuwa ya wenyewe. Nyumba ya kukutania ilikuwa ya mama mmoja mjane, jirani yangu wa mteremkoni. Mwanawe ni mwalimu wa shule ya msingi na hupiga gitaa. Rafiki yake mkulima hunifunga drafti bila huruma. Walinipa kiti, walinipa sahani ya kwanza, walinitania kuhusu sweta zangu mbili ninazovaa kwa pamoja. Halafu mazungumzo yakikolea yalihamia Kiiraqw, lugha yao, watu wakacheka, nami nikacheka nyuma yao. Kila mara nilirudi nyumbani nikiwa nimeshiba na mpweke, nikijiuliza swali ambalo mtu mzima anaona aibu kulisema: hivi hawa wananipenda, au wanahitaji mchinjaji?

Nilipata jibu langu, au nilidhani nimelipata, pale shule ya sekondari ilipoletewa mwalimu mpya kutoka Tanga. Kijana mcheshi, Mwislamu, ana wiki tatu tu na tayari anasalimia kwa Kiiraqw. Ijumaa ile nilijua kwa yule mama mjane kutakuwa na watu, maana mbuzi alishafungwa uani. Nikakaa na simu hadi nikaenda kulala. Haikuita.

Asubuhi, dirishani, nikamwona mwalimu mpya akiteremka kwenda kwa mama, mikono ya shati kaikunja. Basi, nikajiambia. Nafasi imepata mtu.

Mimi ni mtu wa kususa. Mama yangu husema nilisusa hata titi. Nikafunga mlango, nikala wali wa jana na chumvi, huku harufu ya nyama ikipanda mlima kunifuata. Gitaa likaanza, wakaimba, wakapiga makofi. Nilikuwa naujua kila wimbo na zamu ya kila sauti, hata ile niliyozoea kuiimba mimi. Nilijaribu kusoma, nikasoma ukurasa mmoja mara tano. Saa saba simu iliita, namba ya mwalimu wa gitaa. Nikaitazama. Sasa wamekumbuka, nikasema moyoni, nyama imebaki. Ikaita mara tatu, nikaiacha. Jumamosi ile ilikuwa ndefu kuliko zamu yoyote niliyowahi kukesha na mgonjwa.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, yule mama jirani akasimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana tumekupigia wee. Chakula kimepoa kinakusubiri."

"Nilikuwa naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Kifua," nikasema, na nikakohoa kitaalamu.

Hapo nilikosea. Nilisahau kwamba huku mgonjwa haachwi peke yake. Haikupita nusu saa wakaingia wote: mama na sufuria ya supu, mwanawe na gitaa, mkulima na ubao wa drafti kwapani, na mwalimu mpya amebeba makande. Nikaamriwa nilale. Nikafunikwa blanketi hadi kidevuni. Wakajaa chumba changu kimoja, wengine wakakaa kwenye ndoo, wakala, wakacheza drafti pembeni ya godoro, wakaimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini ili wasinichoshe. Zamu ya sauti yangu ilipofika, hakuna aliyeichukua. Waliiruka, wakanitazama kwa huruma, wakaendelea. Mimi nina kifua, siwezi kuimba. Nililala pale nikiwa mzima kama ng'ombe, nikatamani waondoke na nikaogopa wakiondoka. Sijawahi kukaa na watu wengi hivyo chumbani, wala kuwa peke yangu kiasi kile.

Mwishowe niliona haya kuendelea.

"Siumwi," nikasema.

"Tunajua," mama akajibu, hakuacha hata kukusanya vyombo. "Mgonjwa gani anamaliza bakuli mbili za supu? Sema kinachokuuma."

Nikasema. Si vizuri, nilisema kwa hasira na nikiwa nimelala chali. Kwamba miaka minne nimeitwa kwa ajili ya kisu, ili wageni wa mjini wale. Kwamba amepatikana mwingine na sikuitwa tena.

Mwalimu wa gitaa akanyamazisha nyuzi kwa kiganja. Mwalimu mpya akainamisha kichwa. Mama akaweka vyombo chini, akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akanikasirikia.

"Huyu ni mgeni, mgeni ndiye anayeitwa. Wewe si mgeni tena, tulijua utakuja. Na kuchinja, hebu nikuulize. Kabla hujafika, sisi tulikuwa tunachinja wenyewe. Hao wageni wa mjini unaowasema, umewahi kuwaona?"

"Mara chache."

"Miaka minne, Mwislamu mlima huu wote ulikuwa wewe peke yako. Sasa sisi tulikuwa tunakuita uchinje ili nani ale?"

Nikavuta blanketi hadi usoni, mtu mzima mwenye koti jeupe, nikalia mbele yao wote.