Kiti cha Mama katika Gari la Katoni

Watu wa mtaani kwetu Kabondo wakitaka kututania husema kwamba mimi na mume wangu hatuwezi kuona kitu kizima tukakiacha. Sibishi. Mwaka tuliooana aliifungua cherehani yangu "kuangalia tu", nami nikamnunia wiki nzima. Ilipofungwa tena ilikuwa inakimbia kuliko zamani, lakini niliendelea kununa, kwa sababu sikutaka aone nimefurahi.

Kazi yetu ni magari ya katoni. Pikipiki za matairi matatu hufika mjini zikiwa vipandevipande ndani ya makatoni, zimepita barabara ya Bafwasende juu ya malori, matope yamekaukia juu mpaka maandishi hayasomeki. Wengine huziunga kama zilivyo na kubebea mihogo. Sisi tunazigeuza. Tunaongeza gurudumu la nne, tunatengeneza chesi nyingine, yaani fremu ya chini, bodi ya bati, milango na paa, na mwishowe linatoka gari dogo la watu wanne wanaopendana, maana wasiopendana hawawezi kukaa humo. Yeye anachomelea vyuma na kuhangaika na injini. Mimi nilikuwa fundi wa nguo, kwa hiyo viti ni vyangu na paa ni langu. Nyaya za umeme pia ni zangu, kwa sababu vidole vyake ni vinene na subira yake ni fupi.

Gereji yenyewe ni upenu wa mabati ubavuni mwa nyumba. Mvua ikinyesha hatusikilizani kabisa, na hilo limesaidia ndoa yetu mara nyingi.

Kuhusu vipimo tuna desturi yetu. Mimi ndiye ninayepima, kwa utepe wangu wa kushonea, na kila kipimo ninachotoa nimekwisha kukiongeza kidogo. Ni tabia ya ushonaji, mtu lazima apate nafasi ya kupumua. Mume wangu anajua, na kabla ya kukata chuma hukipunguza bila kuniambia. Nami najua kwamba anapunguza, wala simwambii kwamba najua. Tumetengeneza magari mengi kwa njia hiyo na hakuna hata moja lililopinda.

Sasa Mama.

Mama yangu ni mtu wa Yanonge, kijiji cha mtoni. Maisha yake yote aliuza samaki wa kukaushwa kwa moshi, akipanda na kushuka mto katika zile boti ndefu za mbao tunazoziita balenyeri, hata majina ya mafundi wa injini za boti alikuwa anayajua. Alipoanguka na kuumia nyonga tulimleta kwetu. Akapona, lakini si sana. Ndani ya ua alitembea na fimbo yake. Aliketi jikoni akitwanga lituma, yaani ndizi na muhogo vilivyopondwa pamoja, na mchi wake ulisikika mpaka kwa jirani. Ila nje ya geti hakutoka. Pikipiki hakuweza kuipanda, na taksi ilitaka anyanyuliwe.

"Mi siko fuko ya fufu," alisema, yaani yeye si gunia la unga wa muhogo. "Ata! Hakuna mutu atanibeba."

Mimi ningemnyanyua kama ningekuwa na nguvu, lakini Mama ni mkubwa na mimi ni kijiti. Mwenye nguvu nyumbani ni mume wangu. Mtu huyu hukumbatia injini na kutembea nayo huku anapiga mluzi. Lakini kwetu sisi watu wa mtoni mkwe hamgusi mama mkwe. Mkono hawapeani. Wanasalimiana kwa mbali, macho chini, na wote wawili wanaitana "bokilo", yaani mkwe. Mume wangu ametoka katika familia ya Kiislamu ya hapahapa mjini, na kwao desturi hiyo haina ukali kiasi hicho, lakini yetu aliishika kuliko sisi wenyewe. Siku moja fimbo ya Mama ilianguka. Aliiokota, akaenda kuilaza juu ya benchi, akarudi nyuma hatua kadhaa, ndipo Mama akaichukua. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Wao hawakucheka.

Alichotaka Mama kilikuwa kimoja tu: kufika ufukoni siku boti ya Yanonge inapoingia, awaone wanawake wenzake. Wao walikuwa wakimtumia samaki na habari, na samaki aliwapokea kwa moyo mweupe. Habari ndizo zilizomkera.

"Habari ya kuletewa iko sawa lituma ya jana," alisema. "Unakula, lakini unakula tu."

Halafu siku moja tulipokuwa tunatoa gari la mteja, Mama akiwa mlangoni na karanga zake mapajani, akasema, "Munatengenezea watu wote magari. Na miye?"

Mume wangu akaweka spana chini.

"Tutatengeneza, bokilo."

"Lakini nitaingia mwenyewe. Alors, musikie muzuri: siku mutanibeba, ni siku ya sanduku ya maiti."

Tangu hapo lile ndilo gari tulilolijali kuliko yote. Mlango wa kulia tuliufanya mpana kama wa kabati. Kiti cha mbele upande ule kilitakiwa kuwa na urefu wa miguu ya Mama, ili akae akiwa anatazama nje, nyayo zikiwa chini, kisha ageuze miguu na kuingia, bila mkono wa mtu. Mume wangu asingeweza kumpima goti mama mkwe wake, hata kulitazama goti lenyewe alikuwa hatazami. Nikatumwa mimi. Nilimpima akiwa anamenya ndizi, kutoka gotini hadi sakafuni, naye akanipiga kofi la mkono kwa kumtekenya.

Na hapo ndipo nilipokosea kwa kuwa mwangalifu. Niliogopa kiti kisije kikawa juu mno, na Mama akaning'inia. Kwa mara ya kwanza sikuongeza kitu. Nikapunguza. Na kwa kuwa sisi hatuambiani, sikumwambia.

Siku kiti kilipofungwa nilienda soko kuu kutafuta uzi mzito wa kumalizia mto wake. Niliporudi nilikuta majirani wamejipanga getini, wamefunika vinywa kwa mikono. Nikawasukuma, nikaingia.

Gari lilikuwa limeinama upande mmoja, gurudumu la kulia limeinuka hewani. Ndani yake ameketi Mama, mgongo wima, fimbo mkononi, anatoa amri. Mume wangu alikuwa amelala kifudifudi chini, anazungusha jeki ya gari, uso ameugeuzia ukutani.

"Pandisha, bokilo! Pandisha!"

"Bado kidogo, bokilo."

"Pandisha tena... Simama! Hapo! Hapo njo muzuri."

Nilisimuliwa baadaye. Mama hakunisubiri. Alikwenda na fimbo yake, akageuka, akaketi, na kiti kikammeza kama beseni. Magoti yalikuja mpaka kifuani. Kusimama akashindwa. Mume wangu alitoka mbio gerejini, kisha akasimama ghafla, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele. Akataka kwenda kuita wanawake wa jirani. Mama akakataa, hataki kuchekwa. Akataka kunifuata sokoni. Mama akasema nikiwa sokoni siwezi kupatikana, na hilo ni kweli. Basi mume wangu akaketi chini, mbali kidogo, na kwa muda wale wawili waliongea, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya bila mimi kuwa katikati. Alimuuliza habari za injini za boti. Mama akamweleza jinsi fundi mmoja wa Isangi alivyokuwa akifunga propela kwa kipande cha kitenge. Kisha mume wangu akanyanyuka, akaenda kuchukua jeki, na badala ya kumnyanyua Mama akalinyanyua gari.

Nyayo za Mama ziligusa ardhi vizuri, kiti kikiwa pale kilipopaswa kuwa. Akasimama mwenyewe. Hakutazama mtu. Akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Nilimjua mama yangu. Nilijua akisema basi, ni basi, na nikamwona ameketi jikoni kwetu mpaka siku ya sanduku, akila habari za jana. Hasira yangu ikatafuta mtu, na mtu alikuwa karibu.

"Ulipunguza?"

"Nilipunguza. Si unaongezaka kila siku?"

"Leo sikuongeza! Nilipunguza!"

"Na ungesema!"

"Na ungeuliza!"

Tuligombana kwa kunong'ona, kwa sababu ya Mama, na ugomvi wa kunong'ona unachosha sana. Mume wangu aliiangalia jeki iliyokuwa bado mikononi mwake. Alisema tukate kiti, tuanze upya, akasema na yeye alizidisha kupunguza safari hii kwa kuhofia kiti kisije kikawa juu mno. Kwa hiyo wote wawili tulikuwa tumemzamisha mama yangu kwa upendo. Nilitaka kucheka, lakini sikuweza.

Mlango wa chumba ukafunguka.

"Bon," akasema Mama. Alikuwa amebadilisha kitenge na kufunga kilemba, kana kwamba ana kikao, na fimbo ameielekeza kwenye jeki. "Ile kriki. Muweke moja chini ya kiti. Na mukono yake munipe miye."

Mume wangu alimtazama usoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka yote ya ndoa yetu.

"Ndiyo, bokilo," akasema, na akakumbuka kuangalia chini.

Tulitafuta jeki ndogo ya mafuta, ile fupi inayofanana na chupa, na tukaifunga chini ya kiti. Ukipampu mkono, kiti kinapanda. Ukilegeza skrubu ya pembeni, kinashuka polepole na kutoa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Mkono wa jeki ulikuwa mfupi, Mama akaukataa, akataka mrefu kama kasia. Tukauunganisha na bomba, nami nikalizungushia ngozi ili lisimchubue. Safari hii vipimo tuliambiana kwa sauti, mbele ya Mama, naye akatikisa kichwa kwa kila namba kama hakimu.

Siku ya boti tuliondoka asubuhi. Mama alikipandisha kiti, akaketi, akaingiza mguu mmoja baada ya mwingine, akalegeza skrubu, na kiti kikashuka naye mpaka mahali pake. Mimi nilipakiwa nyuma pamoja na beseni tupu. Njia nzima Mama alikuwa akisalimia watu, hata wasiomjua, na mume wangu akipunguza mwendo ili apate muda wa kumaliza salamu.

Ufukoni balenyeri ilikuwa imekwisha kufunga kamba. Wanawake wa Yanonge walipomwona kwenye dirisha walipiga kelele, wakaacha makapu yao, wakaja mbio na mikono mbele kumtoa.

"Mutoke ku njia!" akasema Mama. "Muniache."

Wakasimama. Mama akafungua mlango, akageuza miguu nje, akashika ule mkono wa jeki, akaanza kupampu kwa mwendo wa mtu anayevuka mto na hana haraka. Kila alipovuta akapanda kidogo. Kilemba kilipanda, mabega yakapanda. Nyayo zikatulia mchangani. Akashika fimbo, akasimama.

Vigelegele vilivyopigwa vilifanya hata wapakiaji mizigo waweke magunia chini.

Mmoja wa wanawake wale, rafiki yake wa zamani, akamshika mkono akamuuliza, "Lakini nani alikubeba mpaka hapa?"

Nilidhani Mama atakasirika kwa neno hilo. Akanyoosha fimbo juu ya paa la gari. Upande wa pili mume wangu alikuwa amechuchumaa na kutupa mgongo, anakagua tairi lisilokuwa na ubaya wowote.

"Ule kule," akasema. "Bokilo yangu njo alinibeba. Na ata kidole haikuniguza."

Mume wangu hakugeuka. Aliendelea kulifinya tairi lile lile. Kisha akanyoosha mkono nyuma, akataka kitambaa, nami nikampa kile cha kufutia grisi, maana ndicho kilichokuwa karibu na mimi mwenyewe sikuwa nikiona vizuri. Akajifutia macho. Tulirudi nyumbani mchana na samaki tele, Mama akisimulia habari mbichi bila kupumzika, na mume wangu akiendesha na weusi wa grisi uso mzima, na hakuna aliyemwambia.