Pambizo la Kulia

Karatasi zetu za mtihani hutoka kiwandani na pambizo upande wa kushoto, maana zimechapwa kwa ajili ya Kifaransa. Kwa somo la hesabu, linaloandikwa kwa Kifaransa, hakuna neno. Lakini historia na jiografia tunaziandika kwa Kiarabu, na Kiarabu huanzia kulia, kwa hiyo kila mtoto wa mji wetu wa Kef, kabla hajaandika hata jina lake, huigeuza karatasi kichwa chini miguu juu, ule mstari mwekundu wa pambizo uhamie upande wa kulia. Ni jambo la kufumba na kufumbua. Naziha Ferjani alilishikilia miaka thelathini na moja kana kwamba mji ungebomoka bila hilo.

Alifundisha historia na jiografia sekondari, kule juu kilimani, na sheria zake zilijulikana mpaka kwa wazazi. Kichwa cha habari kipigiwe mstari wa kijani kwa rula. Kosa likatwe mara moja, si kupakwa dawa nyeupe kama ukuta wa sikukuu. Na iliyo mama wa zote: kazi isiyo na pambizo haisomwi. Haisomwi maana yake sifuri. Alikuwa mkali, na sitamtetea.

Ila nitasema alikoutoa ukali huo. Alizaliwa nyumba ya vyumba viwili na watoto tisa, analala katikati ya dada wawili, anakula kiwiko cha mwenzake kiko kwenye bakuli lake. Siku alipopewa daftari la kwanza shuleni na kuambiwa sehemu ile nyeupe isiandikwe kitu, aliitazama mpaka mwalimu akamgonga bega. Hakuwahi kuona mahali pasipo na mtu. Tangu siku hiyo, akili yake ikichoka, huenda kukaa kwenye pambizo. Utamwona mbele yako anaitikia kwa kichwa, kumbe hayupo.

Mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwake, Juni astaafu. Mkuu wa shule akamwomba aziandike sheria zake vizuri, zitundikwe katika kila darasa.

"Na sisi tukikupa kadi ya kwaheri isiyo na pambizo, Madamu Naziha?" akauliza Hashmi wa hesabu, mdomo umejaa mkate. "Utaisoma?"

"Nitairudisha."

Chumba cha walimu kikaangua kicheko. Naye akacheka, lakini moyoni alikuwa na furaha ya kweli. Yeye ataondoka, sheria itabaki ukutani.

Alasiri hiyo alishuka kununua kalamu nyekundu kwa Munsif, mwenye duka la vifaa vya shule. Munsif alikuwa mwanafunzi wake zamani, sasa ana kitambi na mashine ya kutoa nakala.

"Karibu, Madamu! Nyekundu, sivyo? Mwaka huu unawachinja wangapi?"

"Ningekuchinja wewe sawasawa, leo ungekuwa daktari."

"Ulinichinja! Sifuri, mbele ya darasa zima, ukainua karatasi yangu kwa vidole viwili hivi, kama soksi." Akaonyesha kwa vidole viwili. "Na angalia, bado nakuuzia kisu."

Walicheka wote wawili. Ni utani wao wa siku zote.

Alhamisi, baada ya chakula, alikaa kwenye meza ya dirishani na karatasi za mtihani wa muhula wa tatu, kando yake glasi ya chai na mbegu za msonobari zikielea juu. Jua la Mei lilikuwa limelala mezani. Kwenye nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara korongo alisimama juu ya kiota chake. Swali lilikuwa: eleza shida ya maji katika eneo lako, ukitoa mifano. Karatasi thelathini zilijibu kama kitabu: mvua haba, mabomba chakavu, idadi ya watu. Mkono wake ulijiendea wenyewe pembezoni, vema, fafanua, mfano uko wapi, na yeye alikuwa ameshaondoka kitambo, anatembea taratibu kwenye njia nyeupe isiyo na mtu.

Njia ikakatika ghafla. Mkono ulikwenda kulia kuandika, ukakuta maneno.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Karatasi haikugeuzwa. Mtoto ametoka kwenye mtihani wa hesabu akakaa kama alivyokaa. Ameanza kuandika ukingoni kabisa upande wa kulia, na alipofika kwenye mstari mwekundu kule kushoto ameupita tu, mpaka mwisho wa karatasi. Hakuna kichwa cha kijani. Hakuna pa kuweka hata nukta.

Jina: Wijdan Ayari.

Huyo hakumtarajia. Daftari la Wijdan ndilo alilokuwa akilizungusha darasa hadi darasa, "tazameni mfano." Lilikuwa safi kama sinia la bibi harusi, na ndani yake, tuseme ukweli, maneno ya ubaoni tu, miaka mitatu mizima. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Naziha alilijua hilo na hakuwahi kujiuliza.

Kalamu ilikuwa tayari inaviringisha sifuri. Na kwa sifuri hiyo Wijdan angerudia mwaka, jumla ya alama zake ilikuwa inaning'inia kwenye somo hili. Lakini sifuri yenyewe ataiweka wapi? Alitafuta nafasi, na katika kutafuta, akasoma.

Wijdan aliandika kwamba mama yao huweka sikio bombani kila alfajiri, na nyumba nzima huacha kupumua. Bomba hukohoa kwanza. Wadogo zake wamejifunza kutofautisha kikohozi cha hewa na kikohozi cha maji. Bibi yake amehamia kwao kutoka bondeni baada ya kisima cha huko kukauka, na mpaka leo akimimina maji hunong'ona "samahani," na Wijdan hajui anamwomba nani. "Nadhani," aliandika, akivuka mstari mwekundu bila kuuona, "anakiomba kisima, kwa kuwa alikiacha peke yake."

Naziha alisoma mpaka mwisho, mikono mapajani. Chai ilipoa, jua likashuka mezani likakaa sakafuni. Alikuwa ndani ya nyumba ya watu wengi, kiwiko cha mtu kwenye bakuli lake, na wote wametega masikio, na hakutaka kutoka. Hakujua alianza kulia saa ngapi. Akanyoosha mkono, akaandika kumi na sita kati ya ishirini juu ya jina la mtoto, mahali penyewe padogo, ikabidi aibane.

Halafu akazikumbuka karatasi nyingine zisizo na pambizo. Zile alizozitupa je? Miaka thelathini na moja. Hakuzisoma.

Kesho yake aliingia dukani kwa Munsif na karatasi ya sheria mkononi, mistari ya kijani imenyooka.

"Nikutolee nakala ngapi, Madamu?"

"Ngoja kwanza. Munsif, mwanangu, ile karatasi yako ya sifuri. Ulikuwa umeandika nini?"

"Ee Mola! Leo umeamkaje?"

"Niambie tu."

Munsif akakuna kichwa. Akatazama dari, akatazama mashine, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. "Ilikuwa kuhusu baba na mgodi, nafikiri. Nakumbuka niliandika mno, mkono uliniuma. Lakini maneno yenyewe, Madamu... yamekwenda. Wewe hukuyasoma, mimi ningeyatunza ya nini?"

Naziha akaikunja karatasi ya sheria mara mbili, akaitia mkobani.

"Niandikie tena," akasema. "Chochote utakachokumbuka. Nitasoma."

"Sasa hivi? Na wateja?"

"Nitawauzia mimi."

Munsif alimtazama aone kama ni utani. Akachomoa karatasi ya mtihani rafuni, akailaza juu ya kaunta. Na kabla hajashika kalamu, kabla hajawaza neno lolote, vidole vyake vinene vikaigeuza kichwa chini miguu juu, taratibu, kwa adabu, mpaka mstari mwekundu ukakaa kulia.