Kaa la Moto Ndani ya Kamyo

Juzi taa nyekundu ya batri iliwaka katika gari ya mujukuu wangu, nikasikia tena harufu ya mpira ulioungua.

Siku ile ya utoto wangu, Mama alishikwa na uchungu wa kuzaa tukiwa njiani, hospitali ikiwa mbali bado. Taa ya namna hiyo ikawaka kwenye kamyo, lori ya Papa. Mimi nilidhani ni kaa la moto, nikalipuliza mpaka mashavu yakaniuma.

Papa akafungua boneti. "Mukanda wa dinamo, ile inayochaji batri, umekatika."

Mama akavua kilemba chake. "Funga na hiki, Papa Feza! Mutoto huyu hangojei fundi!"

Papa akakisokota, akakifunga, akawasha. Taa ikazimika.

"Ni mimi, Feza, nimeizima!" nikapiga kelele. Mama akacheka huku analia.

Mudogo wangu alizaliwa hospitalini. Leo dinamo naijua, lakini juzi niliipuliza ile taa kwanza.